John Jacob Astor: Alianza kwa kung'uta ngozi, akafa tajiri namba moja Marekani

UKITAJA matajiri wakubwa wa Marekani, wengi hukumbuka wenye mafuta, wenye reli, wenye magari na siku hizi wenye kompyuta. Kabla ya hao wote alikuwapo mtu aliyetajirika kwa ngozi za manyoya za wanyama wadogo waliotegwa mitoni na misituni. Huyo ni John Jacob Astor. Alipofariki jijini New York Machi 29, 1848, akiwa na umri wa miaka 84, mali yake ilikadiriwa kufikia dola milioni 20 hivi, na hakuna Mmarekani wa wakati ule aliyemkaribia.

Kazi yake ya kwanza katika biashara hiyo ilikuwa kung'uta ngozi ghalani kwa fimbo ili zisiliwe na nondo. Ujira ulikuwa dola mbili kwa wiki, pamoja na chakula na mahali pa kulala.

Kwa mfanyabiashara mdogo anayenunua ngozi, asali, nta au samaki kutoka kwa wavunaji na kuwapelekea wanunuzi wa mjini, historia ya mtu huyu inafaa kusomwa yote, upande wake mzuri na upande wake mbaya. Wengi huusimulia mmoja tu.

Mtoto wa mwenye bucha

Astor alizaliwa Julai 17, 1763 katika kijiji cha Walldorf, karibu na mji wa Heidelberg, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alikuwa mwenye bucha, kazi ambayo kwa kijiji maskini haikuwa na uhakika wa kila siku. Mama yake alifariki John Jacob akiwa bado mdogo. Kaka zake wakubwa waliondoka nyumbani mmoja baada ya mwingine. George alikwenda London akawa fundi na muuzaji wa vyombo vya muziki, na Henry alivuka bahari hadi New York, akafungua biashara ya nyama.

Kijana huyo alibaki akimsaidia baba yake buchani. Hapo ndipo alipozoea ngozi mbichi, harufu yake na namna inavyoharibika haraka ikikosa uangalizi. Alipofikisha miaka 16 hivi naye aliondoka, akaenda London kwa kaka yake George. Alikaa huko karibu miaka minne, akajifunza Kiingereza, na kila alichoweza kubana katika mshahara wake alikiweka akiba.

Vita vya Wamarekani kudai uhuru wao kutoka kwa Waingereza vilikwisha mwaka 1783. Novemba ya mwaka huo Astor alipanda meli kwenda Marekani, akiwa na nguo nzuri moja, pesa zisizozidi pauni tano hivi, na filimbi saba alizopewa na kaka yake ili akaziuze. Huo ndio uliokuwa mtaji wake.

Meli ilipofika ghuba ya Chesapeake ilikwama kwenye barafu kwa wiki nyingi. Abiria wenye haraka na pesa waliteremka wakatembea juu ya barafu hadi pwani. Astor alibaki melini kwa sababu chakula cha humo kilikwisha lipiwa kwenye nauli. Katika kukaa huko alizoeana na Mjerumani mwenzake aliyekuwa ameishi Marekani na kufanya biashara ya ngozi za manyoya. Mtu huyo alimweleza kuwa hata asiye na mtaji anaweza kuanza: ununue shanga, sindano, keki na vitu vingine vidogo, uvipeleke gatini kunakofika mitumbwi na majahazi kutoka bara, ubadilishane na ngozi moja moja, kisha uzikusanye na kuwauzia wafanyabiashara wakubwa au kuzipeleka London. Alimweleza pia bei za kununulia na bei za kuuzia. Tofauti kati ya bei hizo ndiyo iliyomfanya Astor asilale.

Aliteremka Baltimore Machi 1784, akaenda New York kwa kaka yake Henry.

Kujifunza kabla ya kununua

Angeweza kuziuza filimbi zile, akanunua shanga na kukimbilia gatini. Hakufanya hivyo mara moja. Kwanza alitembeza mikate na keki mitaani kwa niaba ya mwoka mikate mmoja, kazi ya kimachinga kabisa. Halafu akaomba kazi kwa Robert Bowne, mzee wa dhehebu la Marafiki aliyekuwa mfanyabiashara wa ngozi, na huko ndiko alikopewa fimbo ya kung'utia.

Ghala la ngozi lilikuwa shule. Aliyeingia humo bila ujuzi aliona marundo ya manyoya yanayofanana. Baada ya miezi kadhaa ya kuzishika kila siku alianza kuona tofauti. Ngozi ya mnyama aliyekamatwa kati ya majira ya baridi na mwanzo wa masika ina manyoya mazito na marefu, na upande wake wa ndani una rangi nyeupe safi. Ya mnyama aliyekamatwa wakati wa joto ina manyoya machache, na kwa ndani ni nyeusi au ya samawati. Mnyama ni yuleyule na mto ni uleule, lakini bei ya ngozi ya pili inaweza isifike hata nusu ya bei ya ile ya kwanza.

Kulikuwa na mengine. Ngozi iliyokwanguliwa vibaya hubaki na mafuta, na mafuta yakipata joto huunguza ngozi ikaanza kunyonyoka. Ngozi iliyokatwa kwa kisu wakati wa kuchuna hushuka daraja, na hili mfugaji yeyote aliyewahi kupeleka ngozi ya mbuzi sokoni analijua. Iliyowambwa kupita kiasi huonekana kubwa, lakini manyoya yake huwa yameachana. Mnunuzi asiyejua hulipia ukubwa, halafu humlilia aliyemuuzia.

Bowne aligundua kuwa kijana huyu hachoki kuuliza. Akaanza kumtuma bara kununua ngozi kwa niaba yake. Astor alipanda mto Hudson hadi Albany, mwendo wa kilometa 240 hivi, na kutoka hapo alikwenda kwa miguu na kwa mtumbwi hadi vijiji vya wenyeji wa asili wa taifa la Iroquois na kwa walowezi waliotega wanyama wakati shamba halina kazi. Alijifunza maneno ya lugha zao ya kutosha kupatania bei. Inasimuliwa kuwa filimbi nayo ilimsaidia, kwa kuwa mgeni anayepiga muziki jioni hupokewa vizuri kuliko anayefungua mizani kwanza.

Biva na mtego wake

Mnyama aliyeibeba biashara yote hii ni biva. Kwa ambaye hajamsikia, biva ni mgugunaji wa majini, mkubwa kuliko ndezi, mwenye mkia bapa kama mwiko mpana. Huangusha miti kwa meno yake, huziba kijito, na hujenga nyumba ya matawi na matope katikati ya bwawa alilolitengeneza mwenyewe. Hahami ovyo, kwa hiyo ni rahisi kumpata, na hazai kwa wingi kama panya.

Manyoya yake ya nje ni magumu, ila ndani yake kuna manyoya mafupi laini yenye vichokoo visivyoonekana kwa macho, na hivyo hushikana yakishindiliwa kwa maji ya moto. Viwanda vya Ulaya vilitengeneza kofia kwa kushindilia manyoya hayo. Kwa zaidi ya miaka 200 mwanamume wa Ulaya mwenye heshima zake hakutoka nyumbani bila kofia ya biva, na wanyama wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuwa adimu. Ndiyo maana soko lilihamia Amerika ya Kaskazini.

Zamani wenyeji walimwinda biva kwa kubomoa nyumba yake wakati wa barafu. Baadaye ulikuja mtego wa chuma wenye springi, uzito wake kilo mbili na ushei. Mtegaji aliingia mtoni akitembea ndani ya maji ili asiache harufu yake ukingoni. Aliuchimbia mtego mahali biva anapopandia, sentimeta kama kumi chini ya maji, na mnyororo wake akaupeleka kwenye kina kirefu na kuufunga kwenye kigingi. Juu ya mtego alichomeka kijiti kilichopakwa mafuta yanayotoka kwenye tezi za biva mwenyewe. Biva mwingine akisikia harufu hiyo hudhani kuna mgeni aliyeingia eneo lake, huja kuchungulia na kukanyaga mtego. Akishtuka hukimbilia kwenye kina, uzito wa chuma humzuia kupanda juu, naye hufa maji bila kuchana ngozi.

Mtegaji mmoja aliweza kuhudumia mitego mitano au sita. Kila asubuhi aliikagua, alichuna palepale, alikwangua ngozi na kuiwamba kwenye duara la vijiti hadi ikauke. Ngozi ya biva mkubwa ikikauka ilikuwa na uzito wa robo tatu ya kilo hivi. Ngozi 60 hadi 80 zilikunjwa na kubanwa kuwa robota moja la kilo 45 hivi, linaloweza kubebwa na farasi au mtumbwi. Kazi yenyewe ilifanyika kwenye maji ya barafu, vuli kabla mito haijaganda na tena masika barafu inapoyeyuka. Wengi waliipata baridi yabisi kabla ya kufika makamo.

Astor hakujijengea maisha ya mtegaji. Alipima mapema, akaona mwenye mtego ana kikomo cha mitego sita na miguu miwili, na mwenye ghala hana kikomo hicho. Uamuzi huo ndio uliomtajirisha.

Duka la filimbi na ngozi

Septemba 1785 alimwoa Sarah Todd, binti wa mjane aliyekuwa na nyumba ya wapangaji mtaa wa Queen. Sarah alikuja na dola 300 za mahari, kiasi kikubwa kwa watu wa hali yao. Alikuja pia na akili ya biashara. Mwaka uliofuata walifungua duka katika nyumba ya mama mkwe, wakiuza piano na filimbi zilizoletwa na George kutoka London, na wakinunua ngozi za manyoya kwa pesa taslimu.

Mpango huo ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyoonekana. Meli iliyoleta piano kutoka London ilirudi na ngozi, kwa hiyo hakuna safari iliyokwenda mikono mitupu. Faida ya ngozi ililipia piano, na faida ya piano ilinunulia ngozi. Mtaji ulizunguka pande zote mbili za bahari, na katika kila upande alikuwapo ndugu wa kuaminika.

Astor akiwa safarini bara kwa majuma mengi, Sarah ndiye aliyeendesha duka, akapokea ngozi, akazipanga madaraja na kuwalipa wauzaji. Inaelezwa kuwa jicho lake la kupima ngozi lilimzidi mumewe. Inasimuliwa kuwa miaka ya baadaye, walipokwisha tajirika, alimdai mumewe malipo ya dola 500 kwa saa kila alipoitwa kukagua mzigo, naye alilipa. Vitabu vingi vya biashara humtaja mwanamke huyu kwa mstari mmoja tu, jambo ambalo si haki hata kidogo.

Kuanzia mwaka 1788 Astor alikwenda Montreal, Kanada, karibu kila mwaka, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na soko kuu la ngozi. Lakini Kanada ilikuwa koloni la Uingereza, na sheria ilikataza ngozi zake kuuzwa moja kwa moja Marekani. Astor alilazimika kununua ngozi Montreal, kuzisafirisha hadi London, kisha kuzirudisha New York, ingawa kati ya miji hiyo miwili hakuna hata kilometa 600. Alivumilia gharama hiyo kwa miaka kadhaa. Mkataba wa mwaka 1794 kati ya Marekani na Uingereza ulipolegeza mpaka, yeye tayari alikuwa anafahamiana na wauzaji wote wa Montreal, wakati wenzake ndio kwanza walikuwa wanauliza njia.

Kufikia mwaka 1800 alikadiriwa kuwa na robo milioni ya dola. Hapo akaingia soko la China. Mjini Canton manyoya ya Amerika yalipendwa, hasa ya fisi-maji wa baharini, na meli zake zilirudi na chai, hariri na vyombo vya kauri. Faida ya mzunguko mmoja iliweza kuwa kubwa sana.

Mwaka 1807 serikali ya Rais Thomas Jefferson ilipiga marufuku meli za Marekani kwenda nje. Mwaka uliofuata Astor alipata kibali maalumu cha meli moja, kwa maelezo kwamba ndani yake anarudishwa kwao Mchina mwenye cheo kikubwa. Washindani wake walipiga kelele kuwa huyo hakuwa na cheo chochote. Meli ilikwenda na kurudi na mzigo mnono, na wengine bado wamefungiwa bandarini. Kwa ukweli, utajiri wa Astor haukutoka kwenye bidii peke yake. Alijua mlango upi wa ofisi ya kubisha.

Hasara ya Astoria

Mwaka 1808 alisajili kampuni ya American Fur Company kwa mtaji wa dola milioni moja. Mpango wake ulikuwa kujenga vituo hadi pwani ya Pasifiki, kwenye mdomo wa mto Columbia, ambako ngozi zingepakiwa moja kwa moja kwenda China. Septemba 1810 meli yake Tonquin iliondoka New York chini ya nahodha Jonathan Thorn, mwanajeshi wa majini aliyezoea kutoa amri. Kundi jingine lilipita nchi kavu likiongozwa na Wilson Price Hunt.

Meli ilifika Machi 1811, na watu wanane walikufa maji kabla hata ya kuingia mtoni, kwa kuwa nahodha aliwatuma kwa mashua ndogo kutafuta njia katikati ya mawimbi makali. Kituo kilijengwa, kikaitwa Astoria. Kisha Tonquin ikaenda kaskazini, kisiwa cha Vancouver, kununua ngozi za fisi-maji wa baharini. Wenyeji wa huko, Watla-o-qui-aht, walikuwa wamezoea kuuziana na meli na waliijua bei. Walikataa bei ya Thorn. Nahodha alikasirika, akampiga mzee wao usoni kwa ngozi aliyokuwa anaiuza. Baadaye wenyeji walirudi kama wanaokuja kufanya biashara, wakaiteka meli na kuua karibu wote waliokuwamo. Baruti iliyokuwa ndani ililipuka, na meli, mzigo na waliopanda juu yake wakaangamia pamoja.

Kundi la Hunt lilipotea milimani, likala farasi wake, na lilifika pwani mwanzoni mwa mwaka 1812 likiwa limechoka vibaya. Mwaka huohuo vita vilizuka tena kati ya Marekani na Uingereza. Oktoba 1813 mawakala wa Astor waliuza kituo chote kwa washindani wao wa Kanada kwa bei ya kutupa, wakihofia kunyang'anywa bure na manowari ya Kiingereza.

Mfanyabiashara wa kawaida asingeinuka baada ya hapo. Astor alikuwa hajaweka kila kitu katika jambo moja. Alikuwa na meli za China, alikuwa na viwanja vya New York, na mwaka 1813 huohuo aliungana na matajiri wengine kuikopesha serikali pesa za vita. Serikali inayodaiwa haimsahau anayeidai.

Nani alibaki na faida

Mwaka 1816 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwazuia wageni kufanya biashara ya ngozi ndani ya mipaka yake. Kampuni za Kanada zililazimika kuuza hisa na vituo vyao vya upande wa Marekani, na mnunuzi alikuwa Astor.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa maduka ya serikali. Tangu miaka ya 1790 serikali ya Marekani ilikuwa na vituo vya kununua ngozi kutoka kwa wenyeji na kuwauzia bidhaa kwa bei isiyo ya faida, na pombe haikuuzwa humo. Vilikuwa na kasoro: urasimu, bidhaa zisizopendwa, kutotoa mkopo. Mkulima wa kwetu anayekumbuka vyama vya msingi na bodi za mazao atazitambua kasoro hizo. Lakini vilikuwa kipimo cha bei. Watu wa Astor walipigania vifungwe, na mwaka 1822 vikafungwa. Kuanzia hapo, katika maeneo mengi, mwenyeji mwenye ngozi alikuwa na mnunuzi mmoja.

Biashara ilikwenda kwa mali kauli. Kampuni ilimpa mchuuzi bidhaa kwa mkopo mwanzoni mwa msimu, ikiwa imeongeza bei yake. Mchuuzi naye akaongeza yake, akampa mtegaji mitego, baruti, blanketi na unga kwa ahadi ya kulipa kwa ngozi. Msimu ukiharibika, hasara ilishuka hadi kwa aliye chini kabisa. Msimu ukiwa mzuri, deni la mwaka jana lilikula faida. Watu walitega miaka kumi milimani wakarudi na blanketi na bunduki tu. Ngozi ilipanda bei kila ilipobadilisha mikono, na aliyesimama kwenye maji ya barafu alikuwa wa kwanza katika mstari huo.

Pombe ilikuwa mbaya zaidi. Ilichanganywa maji, ikagawiwa kabla ya kupatana bei, na vijiji vizima viliuza ngozi za msimu mzima kwa siku mbili. Sheria iliikataza, na mwaka 1832 Bunge likaikataza kabisa katika nchi za wenyeji, lakini iliendelea kuingia kwa magendo. Astor hakuwapo pale kumimina, na katika barua alijitetea kuwa washindani wakiuza naye hana budi. Hesabu za kampuni yake zilinufaika hata hivyo. Mwaka 1816 pia aliingia katika kusafirisha kasumba kutoka Uturuki kwenda Canton, biashara aliyoiacha miaka michache baadaye.

Kujua wakati wa kutoka

Kilichomtofautisha na wafanyabiashara wengi wa ngozi ni namna alivyoiacha biashara hiyo. Miaka ya mwanzo ya 1830 alikuwa Ulaya, akaona kuwa kofia mpya zinatengenezwa kwa hariri. Wakati huohuo ripoti za mawakala zilionyesha mito inayokuwa mitupu, kila mwaka mitego ikipelekwa mbali zaidi kwa ngozi chache zaidi. Mahitaji yanashuka na mali inaadimika kwa pamoja: mchumi yeyote angeshtuka.

Mwaka 1834, akiwa na miaka 70, aliuza kampuni yote. Upande wa kaskazini ulichukuliwa na Ramsay Crooks, aliyekuwa meneja wake wa miaka mingi. Upande wa magharibi ulichukuliwa na wafanyabiashara wa St. Louis. Bei ya biva ilizidi kuporomoka, na mkutano mkuu wa mwisho wa watega ngozi wa milimani ulifanyika mwaka 1840. Kampuni ya Crooks ilifilisika mwaka 1842. Boti ya wale wa St. Louis ndiyo iliyopeleka ndui mto Missouri mwaka 1837, ugonjwa uliokaribia kuwamaliza watu wa taifa la Mandan, ambao kwa miaka mingi walikuwa wateja wa vituo vya ngozi.

Pesa za Astor zilikuwa zimekwisha hamia kwenye ardhi. Alinunua kiwanja cha kwanza New York mwaka 1789, na kila meli iliyorudi na faida ilinunua mashamba mengine nje ya mji. Shamba moja la ekari 70 alilolipata mwaka 1803 leo liko katikati kabisa ya Manhattan. Mara nyingi hakujenga. Alikodisha kwa mikataba ya miaka mingi, mpangaji akajenga kwa pesa zake, na mkataba ukiisha ardhi ilirudi kwake. Mdororo wa mwaka 1837 ulipowakumba watu na madeni, yeye alikuwa na pesa mkononi, akachukua viwanja vya waliodaiwa kwa bei ndogo. Wapangaji wake hawakumsifu.

Katika wosia aliacha dola 400,000 kujenga maktaba ya umma, ambayo baadaye iliunganishwa katika Maktaba ya Umma ya New York. Kijiji cha Walldorf kilipata dola 50,000 kwa ajili ya maskini, na nyumba yao ilifunguliwa mwaka 1854. Sehemu kubwa ya mali ilikwenda kwa mwanawe William. Kitukuu wake aliyeitwa jina lake alikufa katika meli ya Titanic mwaka 1912.

Biva naye karibu atoweke katika sehemu kubwa ya Marekani. Yalihitajika makumi ya miaka ya sheria za misimu ya kutega, leseni na kurudisha wanyama mitoni ili aongezeke tena. Katika jiji la New York, ambalo nembo yake ina picha ya biva na ambalo kituo chake cha treni cha Astor Place kimepambwa ukutani kwa vigae vya mnyama huyo, biva hai hakuonekana kwa miaka 200 hivi. Mwaka 2007 mmoja alikutwa akijenga nyumba ya matawi katika mto Bronx.